Mwaka wa Kupimwa Vifua

Faraji tumemzika Ijumaa iliyopita baada ya sala, na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi, ningeweza kumbeba mimi peke yangu kwa mkono mmoja, wa pili nikashika mwavuli. Vijana waliolichukua jeneza walikwenda nalo mbio kama waliotumwa dukani, sisi wazee tukaachwa nyuma tunakohoa vumbi lao. Baadaye, tumekaa mkekani tunangoja chai, mjukuu wake mmoja mwenye mabega kama kabati la nguo akaja kuchuchumaa mbele yangu. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba. "Eti ni kweli marehemu alikuwa mpiga makasia?" Nikamwambia ni kweli, tena miaka mingi. "Huyuhuyu?" Huyuhuyu. "Na wewe?" Nikamjibu kuwa mimi nilikuwa mshika usukani. Akanitazama toka utosini hadi kwenye ndara, safari ambayo haikumchukua muda, kisha akawageukia wenzake wakachekea mikononi kwa adabu ya matanga. Sikumlaumu. Kijana huyo anainua vyuma kila jioni na anaamini mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye nguvu. Hata sisi tuliamini hivyo, tena tuliamini kwa futi ya fundi cherehani mkononi. Nilirudi nyumbani sikula. Mke wangu alifikiri ni uchovu wa makaburini, nikamwacha afikiri hivyo.

Ulikuwa mwaka wa ukata. Mashamba ya katani yaliwarudisha watu mjini makundi kwa makundi, na Kariakoo ilijaa wanaume wanaotafuta cha kubeba hata ungeweka kikapu chini ujikune, ungekikuta Ilala. Mchana nilikuwa mtumishi katika duka la nguo la Mwarabu mmoja mtaa wa Mchafukoge, jioni nilikuwa mwanafunzi wa shule ya jioni, na usomi ulikuwa umenipanda kichwani mpaka kofia hazinitoshi. Nilipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati umenyooka toka barazani hadi uwani. Kelele zote za nyumba zilipita katika ukumbi ule kama maji ya mvua. Ukilala chumbani mwako ulijua nani kagombana, nani anakaanga dagaa, nani anasali kwa kukimbilia. Chumba kilichokabiliana na changu kilikuwa cha Shabani Kitwana na mkewe, Mwanahawa.

Shabani alikuwa hamali. Nikisema alikuwa mpana, msomaji asiwaze mtu mpana wa siku hizi. Mlango wa chumba chake aliuingia kwa ubavu, na akisimama barazani nyumba ya jirani ilipata kivuli. Alianza kubeba mizigo ya jeshi wakati wa vita, ndevu hazijamwota, na vita vilipokwisha mzigo haukushuka, ulibadilika tu: toka masanduku ya risasi ukawa magunia ya mchele, chumvi, pilipili kavu. Alfajiri nilimsikia akikohoa uwani, kikohozi kirefu cha chini, kama mtu anayeburura meza. Hakuna aliyeshangaa. Wabebaji wote wa Kariakoo walikohoa walichobeba. Wa pilipili walikohoa huku wanalia.

Basi zikaja habari kwamba ofisi ya bandari inataka wapiga makasia sita wa kudumu, wa mashua mpya ya kuwapeleka wakubwa kwenye meli zilizotia nanga nje. Watachaguliwa kwa mashindano ya sikukuu ya mfalme, kundi letu la Kariakoo dhidi ya wavuvi wa Magogoni. Watakaoshinda watapewa kazi, sare, na chumba cha matofali karibu na gati. Mwaka ule habari kama hiyo ilikuwa kama kuambiwa pepo imefungua dirisha na inaandikisha watu. Shabani alinieleza jambo lake siku moja tukiwa uwani tunakula mihogo ya kuchemsha na chachandu. "Wewe unasoma," akaniambia, "kwa hiyo utanielewa. Kazi zote nilizofanya nimefanya nimesimama, na kitu kichwani. Kasia unalivuta umekaa. Nataka kazi ya kukaa, mdogo wangu, kabla sijawekwa chini kabisa." Mwanahawa alikuwa akipepeta mchele pembeni, ungo ukasimama kidogo, ukaendelea.

Wa kutuchagua alikuwa Serahangi Hamadi, mzee aliyewahi kuwa mkuu wa mabaharia katika meli za pwani na ambaye sasa alikuwa mkuu wa benchi moja barazani Gerezani. Yeye na Mzungu aliyesimamia ofisi ya bandari hawakupatana katika neno lolote, hata kama leo ni Jumanne, ila hili moja: mpiga makasia ni kifua. Mzungu aliagiza vifua vipimwe, na kwa kuwa mimi nilitoka dukani na futi na nilijua kusoma inchi, nikawa karani wa vifua wa mji mzima. Nami nilikubaliana nao kwa hoja ya kisomi. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa amechora ubaoni mapafu, mifuko miwili kama ya unga, nikajiambia: nyumba ikiwa pana, na ghala ni pana. Wanaume walipanga mstari wamevua kanzu na fulana, wamejaza upepo vifuani mpaka mishipa ya shingo imesimama. Nilipofika kwa Faraji, kijana mwembamba aliyeachishwa kazi kwenye karakana za reli, nikataja kipimo chake kwa sauti, Serahangi akauliza, "Hapo umepima kifua au paja?" Watu wakaanguka. Faraji naye akacheka. Alichukuliwa kuwa wa akiba, yaani kuteka maji mashuani na kubeba makasia. Kwa Shabani ilibidi nimzunguke kama anayefunga kamba mbuyu, na futi ilipokutana Serahangi akampapasa kifuani kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe. "Huyu," akasema, "ana kifua." Mimi mwenyewe niliwekwa kwenye usukani kwa sababu mbili: sauti yangu ilivuka bandari bila nauli, na uzito wangu, alisema Serahangi, mashua haitaujua.

Tulifanya mazoezi kila asubuhi kabla ya kazi. Mpiga makasia hukaa ameipa mgongo safari yake. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake. Mimi nilikaa nyuma nimetazama waendako, na wao wote walikaa wamenielekea, Shabani wa kwanza, magoti yake karibu yaguse yangu, wengine nyuma yake wakimfuata mwendo. Kwa hiyo watano waliujua mgongo wake, na mimi niliujua uso. Mwanzoni kasia lake lilikuwa na nguvu mno hata mashua ikawa inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikabidi kasia la nyuma yake, la upande wa pili, apewe pandikizi la mtu kutoka sokoni ili twende sawa. Wavuvi wa Magogoni, watu wakavu kama kamba za nanga, walitupita wakipiga kelele, "Kariakoo, mmepakia magunia au watu?" Sisi tukajibu, "Magunia yanakuja kuwakalia!" Na kweli mwanzo wa safari tuliwaacha. Lakini kila tulipokaribia boya la pili niliona jasho la Shabani linabadilika. Lilikuwa la moto, likawa la baridi, na midomo yake ikafanya rangi ya majivu. Mwendo ukalegea. Serahangi alisema ni njaa. Siku moja Shabani hakutokea, ikasemwa ana mzigo wa haraka, Faraji akakaa mahali pake, na mashua ikaenda mpaka mwisho bila kulegea. Nilimweleza Serahangi jambo hilo. Akasema maji yalikuwa yanakupwa na kutuvuta nje, hata jeneza lingeenda.

Dawa ya njaa ni chakula, basi kundi zima likawa linakula uwani kwetu. Mwanahawa alipika supu ya makongoro katika sufuria ambayo ukiangukia ndani ungetafutwa kwa mashua, na Serahangi alileta mayai mabichi akasimama juu ya Shabani mpaka ayameze. Ninaukumbuka uwa ule kuliko darasa lolote: ukuta wa makuti, moshi, kanga zimeanikwa, wanaume sita wakubwa wamekalia vibao vya mbuzi na vinu vilivyogeuzwa, wanabishana nani atakuwa na chumba kinachotazama gati. Shabani alisifiwa kila tonge. Alicheka, akasukuma nyama zake polepole kuelekea upande wa Faraji. "Kula wewe, fito. Ukikua utakuwa boriti." Faraji hakuwa mtu wa kukataa nyama. Mwaka mzima ule aliziona nyama hizo kama dhihaka, na akazila kama haki yake.

Mwanahawa aliweka mdomo wake mara moja tu. Ilikuwa alasiri, karibu na mashindano, Shabani yuko sokoni. Akatoka jikoni amejifunga kanga ya pili kichwani, akaketi mbele ya Serahangi, jambo ambalo si kawaida yake. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." "Nimekuja kukuambia neno juu ya mume wangu. Ana kifua." Serahangi akatutazama sote, akatabasamu hadi kwenye masikio. "Mwanangu, tunajua. Tumempima." Kicheko kikapasuka uwani. Mwanahawa hakucheka. "Ana kifua, baba," akarudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto sura. "Muda mrefu. Usiku halali." "Ndiyo maana tunamtaka," akasema Serahangi. "Mwanamume wa hivyo na usiku alale?" Hapo wakacheka mpaka mmoja akamwaga supu. Mwanahawa alinieleza miaka mingi baadaye, nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe, kwamba Shabani alimshika mkono juu ya msahafu akamwapisha asimwambie mtu kuwa yeye ni mgonjwa. Akatafuta usiku kucha neno litakalosema bila kuvunja kiapo, akalipata hilo: kifua. Mwenye kifua ni mwenye nguvu, na mwenye kifua ni mgonjwa, na Kiswahili hakitoi alama yoyote ya kukuonyesha lipi ni lipi. Alilipima vizuri kuliko nilivyowahi kupima mimi kitu chochote. Tatizo ni kwamba alilileta mahali ambapo kwa miezi hakikuwa kimesemwa kifua kingine ila kile cha inchi. Akanyanyuka, akachukua kata, akatujazia tena supu.

Siku ya sikukuu bandari ilipambwa bendera hata kunguru walikosa pa kutua. Ngoma za beni zilipiga ufukweni, Wazungu walikaa chini ya maturubali, na Kariakoo yote, ninavyoapa, ilihamia gatini ikaacha soko linalindwa na paka. Tulitoka vizuri. Niliita "Haya, vuta! Haya, vuta!" na mashua ikaruka. Kwenye boya la kwanza wavuvi walikuwa nyuma yetu. Kwenye la pili niliusubiri ule ujivu wa midomo na ukaja, ila safari hii Shabani hakulegea. Alikohoa mara moja, mdomo umefungwa, mashavu yakajaa, akameza. Akavuta. Akakohoa tena, na safari hii hakuweza kumeza. Ikamtoka damu nyekundu mbichi, ikateremka kidevuni, juu ya kifua kile, juu ya mpini wa kasia. Kilio cha kutaka kusimamisha mashua kilinifika kooni. Akanitikisia kichwa. Hakuwa na pumzi ya kusema neno, alinitazama tu, macho makubwa, akatikisa kichwa mara moja, akavuta. Nyuma yake watano walikuwa wanauona mgongo uleule wanaouona kila siku, unakwenda na kurudi. Nikaita, "Haya, vuta." Tukashinda kwa urefu wa mashua nzima, na leo hii, nikiwa mtu ambaye hurefusha kila kitu, hapo siongezi hata shubiri.

Watu waliruka majini kutupokea. Shabani alikuwa amekwisha kujiinamia ukingoni, ananawa uso kwa maji ya chumvi, analiosha kasia, yeyote angedhani ni jasho. Aliponyanyuka akanivuta karibu. "Wewe, msomi. Una kifua?" Mimi nikajitazama. Naam, katikati ya shangwe ile, nimetoka kuona niliyoyaona, nilishusha macho nikavitazama vijiti vyangu vya mbavu nikadhani ananitania. Ndipo nikaelewa ananiuliza kama naweza kutunza siri. Nikamwambia ninacho. "Basi kifunge," akasema, "mpaka waniandike." Nilikifunga. Siku hizo ugonjwa ule haukuwa na dawa ya kumkimbizia mtu, kwa hiyo sijidai kwamba neno langu lingemponya, wala sijilaumu kwa kunyamaza. Alichokuwa akitaka si kupona. Alitaka kukaa.

Sare zilishonwa kwa vipimo vyangu: shati jeupe lenye ukosi wa buluu, na la Shabani lilimaliza jora, mafundi walisema wangeweza kulifanya tanga. Wapiga makasia walipewa asubuhi, na asubuhi ileile wakapelekwa kwa daktari, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Tulikaa nje kwenye benchi wanaingia mmoja mmoja. Kila aliyetoka alitoka anacheka, anasimulia jinsi Mzungu alivyomwekea chuma cha baridi kifuani. Shabani alikaa sana. Alipotoka alikuwa kifua wazi, shati limekunjwa vizuri chini ya kwapa kama mtu aliyetoka kulinunua. "Vipi?" akauliza Serahangi. Aliyejibu ni mtumishi wa hospitali, kijana wa Kichaga aliyevaa viatu: "Ana kifua kikuu, mzee. Hawezi kuandikwa." Nimeishi na lugha hii maisha yangu yote na sasa kuiandika kunanilisha, lakini siku ile niliichukia, lugha inayouita ugonjwa kwa jina la sifa. Nadhani Serahangi alikuwa anasikia upya maneno aliyoambiwa uwani, moja baada ya jingine. Shabani akamwekea shati magotini. "Mpe fito," akasema. "Amekula nyama zangu zote, atalifaa."

Alirudi kwenye magunia, maana kodi ya chumba haiulizi hali. Kwanza alibeba nusu gunia, kisha vikapu, kisha akawa anakaa barazani anawachagulia wenzake mizigo. Nilihamia chumba cha matofali pamoja na wengine, nikawa mshika usukani wa serikali, na kila nilipoipita ile nyumba ya vyumba sita nilimkuta amepungua, kama sabuni. "Msomi," aliniita kwa sauti iliyokuwa hewa tupu, "vipi kazi ya kukaa?" Nilimwambia inachosha makalio. Hiyo ilimfurahisha sana, aliomba nimrudie mara mbili. Faraji alikaa mahali pake mashuani na alivuta bila kuchoka, mtu mwenye kifua cha kuku na pumzi ya treni. Lakini ofisi haikushona shati jingine. Alilivaa la Shabani, likamfutuka mgongoni kila upepo ukivuma, wavuvi wakawa wanamuuliza kwa nini anajisumbua na kasia ilhali tanga analo.

Shabani alifariki kabla ya masika. Habari ilitufikia gatini alfajiri, na kabla hatujaomba ruhusa ikaja amri: meli ya barua imetia nanga, kuna mkubwa wa kuletwa. Tukaenda. Niliita mwendo kwa sauti ya chini, wakavuta. Wakati tunarudi, jua limepanda, kule Kariakoo walikuwa wanamtoa nyumbani. Mzungu wa bandari alikuwa amesimama juu ya ngazi, na mgeni aliposhuka akamwambia maneno fulani huku anatuonyesha kwa fimbo, kisha akatugeukia akasema kwa Kiswahili chake kwamba hajapata kuona makasia yakienda sawa kama leo. Tukamshukuru. Tukafunga mashua, tukatoka mbio na sare zetu mpaka nyumbani, tukakuta watu wanarudi makaburini wanapangusa udongo viganjani.

Tukakaa ukumbini kwenye mikeka. Serahangi alikuwa ameegemea ukuta, hakunyanyua kichwa kutuitikia salamu. Mwanahawa alikuwa ndani, ameingia eda, pazia limeshushwa mlangoni. Wanawake walitupitishia sinia la wali na hatukuligusa. Kisha kutoka nyuma ya pazia tukasikia sauti yake, kavu, ya mtu aliyemaliza kulia muda mrefu kabla ya siku ile. "Faraji yupo?" Akaitika. "Livue hilo shati ulilete. Kila siku nakuona unavyopita nalo." Faraji akalivua, akabaki na msuli, jirani mmoja akalipeleka ndani. Tulisikia mkasi ukipita kwenye kitambaa, ukisimama, ukipita. Kisha mkono wa mwanamke ukatoa uzi wa kupimia chini ya pazia, nikaupokea mimi kwa mazoea, nikamzungushia Faraji kifuani. Nilipotaka kuukata uzi ulipokutana, Mwanahawa akasema kwa ndani, "Ngoja. Mwambie avute pumzi kwanza, nisije nikambana." Faraji akavuta pumzi, akaishika, na sisi sote pale ukumbini tukamngoja aitoe.